Tunanunua fremu, tunasahau nyuzi

Zamani kidogo, raketi ya kaboni mjini Lubumbashi ilikuwa mali ya mtu anayesafiri. Ilishuka uwanja wa ndege wa Luano ndani ya begi la mhandisi wa mgodi au la kijana aliyetoka masomoni Ulaya, na sisi wengine tuliirithi ikiwa imeshachoka. Leo unaikuta kwenye mizigo ya mitumba inayopita mpaka wa Kasumbalesa, imelazwa kati ya viatu vya michezo na mabegi ya shule, rangi yake bado inang'aa. Muuzaji hana haja ya kuijua tenisi. Analijua jina moja la bingwa, na linamtosha: "Mama, angalia muzuri, hii njo ile ya Nadal." Mama ananunua, kwa sababu mwanawe ameandikishwa mazoezi ya likizo kubwa na hataki aonekane mnyonge mbele ya wenzake.

Wingi huu wa raketi umezua ubishi kwenye vilabu na kwenye makundi ya WhatsApp. Wapo wanaoshangilia kwamba pengo kati ya mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, na mtoto wa Brussels limezibika, kwa kuwa sasa wote wanashika chombo kimoja. Wapo wazee wanaosikitika kwamba kaboni imeua ufundi, kwamba enzi za mbao mtu alicheza kwa akili na sasa anapiga tu. Kambi hizi mbili hazisalimiani vizuri, lakini zinatazama kitu kimoja, yaani fremu, na hapo zinakosea pamoja. Kaboni haikuibadilisha tenisi kwa kiasi inachosifiwa wala kwa kiasi inacholaumiwa. Vilivyoubadilisha mchezo ni viwili: ukubwa wa kichwa cha raketi na aina ya nyuzi zinazofungwa ndani yake. Asiyevitenganisha hivyo na fremu atatumia pesa pabaya, na sisi hapa tunazitumia pabaya.

Meja Walter Clopton Wingfield wa Uingereza alipata hataza ya mchezo wake mwaka 1874, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yakachezwa 1877. Raketi ya wakati ule ilikuwa mbao iliyopindwa kwa mvuke, yenye nyuzi za utumbo wa mnyama. Kwa karibu miaka mia iliyofuata umbo lake halikusogea sana. Maendeleo makubwa yalikuwa kugundisha tabaka nyembamba za mbao badala ya kutumia kipande kimoja. Dunlop Maxply, iliyotoka 1931, ilitengenezwa hivyo na ikadumu vizazi. Kichwa chake kilikuwa na eneo la sentimita za mraba kama 420, na uzito wake ulizidi gramu 370. Kichwa hakikuwa kidogo kwa sababu watu walikosa ubunifu. Kila uzi unavutwa kwa nguvu ya kilo 20 na kitu, na nyuzi zipo zaidi ya thelathini, hivyo fremu inabanwa kutoka pande zote mchana na usiku. Mbao ikipanuliwa zaidi ya hapo inajipinda. Hata ile ndogo ilijipinda ikipata unyevu, ndiyo maana wachezaji waliihifadhi ndani ya kibano chenye skrubu nne. Wanaovikumbuka vilabu vya Wabelgiji wa Élisabethville, jina la Lubumbashi enzi za ukoloni, wanavikumbuka na vibano hivyo, hasa masika, mvua inapokuwa haikatiki kuanzia Novemba hadi Aprili.

Kisha ikaja chuma, na hapa wazee wetu wanatakiwa kusikiliza kwa makini. René Lacoste, bingwa wa Ufaransa ambaye wengi leo wanamjua kwa mamba wa kwenye fulana, alipata hataza ya raketi ya chuma. Kampuni ya Wilson iliiuza kwa jina la T2000 kuanzia 1967, na Jimmy Connors aliishika karibu maisha yake yote ya uchezaji. Mali ghafi ilikuwa imebadilika kabisa, kutoka msituni hadi kiwandani. Mchezo ulibadilika? Kidogo sana. Kichwa kilibaki kidogo kama cha mbao, na Connors alipiga mipira bapa ileile ambayo angeipiga kwa raketi yoyote. Fainali ya Wimbledon ya 1975 inaonyesha vizuri: Connors na chuma chake upande huu, Arthur Ashe upande ule na raketi ya kampuni ya Head iliyounganisha alumini na plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzinyuzi za kioo. Ukipenda hadithi za vifaa utasema teknolojia mpya iliishinda ya zamani. Lakini Ashe alishinda kwa kupunguza mwendo wa mpira, kuukata, kumrushia Connors mipira ya juu na kumnyima kasi aliyoizoea kuitumia. Kwa mbao angefanya vilevile.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na mzee mmoja aliyecheza tenisi vibaya. Howard Head, Mmarekani aliyekwisha kutajirika kwa mbao za chuma za kutelezea kwenye theluji, alijifunza tenisi ukubwani na akachoshwa na raketi iliyomgeukia mkononi kila alipoukosa mpira katikati. Akajiuliza swali la mhandisi: kitu kinachojizungusha kwenye mhimili wake nitakizuia vipi? Jibu ni kusogeza uzito mbali na mhimili huo. Ukiongeza uzito mara mbili pembeni, ugumu wa kugeuka unaongezeka mara mbili. Ukiusogeza uzito uleule mbali mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwa hiyo akapanua kichwa. Raketi yake ya alumini, iliyoitwa Prince, ilitoka 1976 ikiwa na eneo la sentimita za mraba kama 710, na watu wakaicheka, wakaiita raketi ya vikongwe. Miaka miwili baadaye Pam Shriver, msichana wa miaka 16, aliibeba hadi fainali ya US Open, mashindano makubwa ya Marekani. Alifungwa na Chris Evert aliyecheza kwa mbao, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha.

Katika habari hii yote kaboni ni mtumishi tu. Alumini iliweza kubeba kichwa kikubwa ila ilinepa na kuchoka. Karatasi za nyuzinyuzi za kaboni zilizolowekwa gundi, zikazungushwa na kuokwa ndani ya kalibu, zilitoa fremu pana, kakamavu na nyepesi kwa pamoja, na mtengenezaji aliweza kuamua sehemu ipi iwe ngumu na ipi inepe. Ndiyo sababu ilishinda. John McEnroe alitwaa Wimbledon ya 1981 kwa Maxply ya mbao, akahamia grafaiti, yaani kaboni hiyohiyo, muda mfupi baadaye. Yannick Noah, aliyekulia Yaoundé na kuonekana huko na Ashe mwaka 1971, alitwaa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1983 kwa raketi ya mbao, na hakuna aliyerudia hilo kwenye mashindano makubwa manne tangu siku ile. Inanipendeza kwamba ukurasa huo ulifungwa na mtoto wa Afrika ya Kati, ingawa sitaki kujenga hoja juu ya furaha hiyo.

Kama kaboni peke yake ingetosha, Pete Sampras angekuwa mchezaji wa aina mpya. Raketi yake ilikuwa ya grafaiti, lakini kichwa chake kilikuwa na sentimita za mraba kama 548 tu, umbo la miaka ya 1980, na ndani alifunga utumbo wa ng'ombe kama babu zake. Alicheza tenisi ya zamani kwa kasi kubwa: mpira wa kuanzia, mbio hadi wavuni, voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda. Akabeba mataji 14 makubwa hivyo. Chuma chenye kichwa kidogo hakikubadilisha mchezo, na kaboni yenye kichwa kidogo na utumbo haikuubadilisha sana.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1977 Mjerumani Werner Fischer alisambaza usukaji wa ajabu ulioitwa raketi ya spageti: tabaka mbili za nyuzi za wima zisizofumwa na zile za mlalo, zimevalishwa vijibomba vya plastiki ili ziteleze. Fremu ilikuwa ya kawaida. Mmarekani Mike Fishbach, ambaye hakuwa mtu wa kutisha yeyote, alijisukia ya kwake na kumtoa bingwa wa zamani Stan Smith kwenye US Open mwaka huohuo. Oktoba, mjini Aix-en-Provence, Ilie Năstase akaishika dhidi ya Guillermo Vilas, mfalme wa viwanja vya udongo wa msimu ule. Baada ya seti mbili Vilas aliondoka uwanjani kwa hasira, na mfululizo wake mrefu wa ushindi kwenye udongo ukakatika. Mpira ulikuwa ukizunguka kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona: nyuzi zinavutwa pembeni na mpira, kisha zinarudi kwa nguvu mahali pake na kuusokota kabla haujaondoka. Shirikisho la kimataifa la tenisi liliisimamisha, na mwaka 1978 likaandika kwa mara ya kwanza sheria ya raketi ni nini. Hebu fikiria: zaidi ya miaka mia moja mchezo ulikwenda bila sheria ya raketi, wala si chuma wala si kichwa kikubwa kilichoilazimisha iandikwe. Ni nyuzi.

Kilichofukuzwa mlangoni kikarudi dirishani. Luxilon, kiwanda cha Ubelgiji karibu na Antwerp, kilikuwa na nyuzi za poliesta ngumu na zenye utelezi. Gustavo Kuerten wa Brazil, wa 66 duniani, alizifunga kwenye raketi yake na kutwaa Roland Garros ya 1997. Zimefumwa kihalali, tabaka moja, hazina vijibomba. Lakini zinafanya kazi ileile ya spageti, kwani zinateleza na kurudi. Mtaalamu mmoja aliyehesabu mizunguko kwenye picha za video alipata wastani wa takriban mizunguko 3,200 kwa dakika kwenye mpira wa mkono mkuu wa Nadal, dhidi ya takriban 1,800 kwa Sampras. Mkono wa Nadal una kipaji chake, sikatai. Ila mpira unaozunguka hivyo unaweza kupigwa kwa nguvu zote na bado ukazama ndani ya mstari, na kichwa kipana kinampa mchezaji nafasi ya kuusugua kutoka chini kwenda juu bila kugonga ukingo. Vitu hivyo viwili kwa pamoja ndivyo tenisi ya leo.

Kambi ya wazee ina hoja mbili, na hazilingani uzito. Ya kwanza, kwamba raketi si kitu na kipaji ndicho kila kitu, ilijibiwa uwanjani. Björn Borg, mwenye mataji 11 makubwa, alirudi mwaka 1991 huko Monte Carlo akiwa na raketi yake ya mbao, akafungwa seti mbili bila kusumbua na Jordi Arrese. Unaweza kusema alikuwa amekaa miaka mingi nje, na ni kweli. Lakini hata mwenyewe hakuendelea kuing'ang'ania mbao. Hoja ya pili ni nzito zaidi: vifaa vipya vimefanya wachezaji wafanane. Mtu wa kukimbilia wavuni karibu ametoweka, kwa sababu mpira unaompita sasa unazama miguuni mwake. Hili ni kweli na mimi pia linaniuma. Ila mashtaka hayo yana washitakiwa wengine. Mwaka 2001 Wimbledon ilibadilisha mbegu za nyasi zake zote kuwa aina moja ngumu zaidi, na mpira ukaanza kudunda juu kuliko zamani. Mwenye kutaka kurudisha aina za uchezaji aanze na viwanja na mipira. Kupiga marufuku kaboni kungetuumiza sisi kwanza, maana kutengeneza raketi nzuri ya mbao leo ni kazi ya anasa.

Hoja dhaifu kuliko zote iko kambi ile nyingine: kwamba sasa tunashika chombo kimoja na mabingwa. Hatushiki. Raketi ya bingwa unayoiona kwenye televisheni mara nyingi ni fremu ya kalibu ya zamani iliyopakwa rangi ya modeli ya mwaka huu, ikaongezwa uzito wa madini ya risasi kichwani na ndani ya mpini kulingana na mkono wake, ikasukwa upya asubuhi ya mechi. Anabeba sita au zaidi na kubadilisha kila mipira inapobadilishwa. Inayouzwa dukani kwa dola zaidi ya 200 ina rangi tu ya ile. Na ile ya mtumba ina rangi tu ya ile ya dukani, pamoja na nyuzi alizoziacha mtu asiyejulikana, mwaka usiojulikana. Bingwa Roger Federer mwenyewe alihangaika muda mrefu kabla ya kuacha kichwa cha sentimita za mraba kama 580 na kwenda 626, kisha akatwaa mashindano ya Australia ya 2017 akiwa na miaka 35. Mtu wa kiwango chake alihitaji misimu kujua kinachomfaa. Sisi tunaamua kwa kutazama rangi.

Nenda uwanja wowote wa hapa mjini asubuhi ya Jumamosi na ushike raketi kumi za watoto. Bonyeza nyuzi kwa kidole gumba. Utakuta poliesta iliyokufa: imelegea kwa mvutano lakini bado ngumu kama waya, imechimba mifereji pale zinapokutana, haitelezi tena. Nyuzi hizi hupoteza mvutano hata zikiwa zimetundikwa ukutani. Mchezaji wa kulipwa anazikata baada ya saa chache, na hata mchezaji wa kawaida anashauriwa kuzikata kabla hazijakatika zenyewe. Kwetu zinakaa hadi zikatike, na poliesta haikatiki upesi, basi zinakaa mwaka mzima. Raketi yenyewe ni ya mtu mzima, sentimita 68 na nusu, wakati mtoto wa miaka tisa anafaa kushika ya sentimita 58 au 63. Mpira umepoteza upepo. Fremu kakamavu, uzi mfu, mpira mzito, mpini mnene kuliko kiganja: kila pigo linapanda hadi kwenye kiwiko. Nimeona watoto wa miaka 11 wakicheza na bendeji, na makocha wanaosema mtoto ni mvivu.

Makocha hao siwalaumu sana. Wengi wao walianza kwa kuokota mipira ya wakubwa, wakajifunza kwa kutazama, na hakuna aliyewaeleza habari za nyuzi. Wasukaji wazuri mjini ni wachache, na kati ya hao wapo wanaofanya kwa mkono, wakiuvuta uzi kwa koleo na kuuzuia kwa sindano ya fundi viatu wakati wanapitisha unaofuata. Nimemtazama mmoja akimaliza nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo hivyo, akizigonga moja moja kwa kucha na kusikiliza sauti. Kazi yake ilikuwa safi kuliko nilivyotegemea, ila mvutano wa raketi mbili za mteja yuleyule haukulingana, na asingeweza kuulinganisha bila mashine.

Tena sisi tuna sababu ya ziada ya kujali nyuzi. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, pale ambapo sheria za kimataifa zinaanza kuzungumzia mipira ya nyanda za juu, kwa kuwa hewa nyepesi inauacha mpira uruke mbali. Goma na Bukavu ziko juu zaidi, karibu mita 1,500. Mtoto anayecheza huku akiwa na nyuzi zilizolegea anaona mipira yake inatoka nje kila mara, na kwa akili yake anajifunza kupiga kwa woga. Kisha tunasema hana moyo wa kushindana. Kukaza nyuzi kilo moja au mbili, au kuweka za nailoni mpya badala ya poliesta mfu, kungemsaidia kuliko raketi yoyote ya mtumba.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi hauna ugumu. Chukua fremu yoyote ya kaboni isiyo na ufa, yenye kichwa cha sentimita za mraba 630 hadi 680, ya urefu unaolingana na mtoto. Mwaka wake na jina lake achana navyo. Kata nyuzi ulizozikuta, siku hiyohiyo. Funga za nailoni, laini, na poliesta isubiri hadi mkono ukomae. Kwa vilabu, hesabu ni hii: raketi moja inakula uzi wa mita kama 12, kwa hiyo bunda la mita 200 linasuka raketi 16. Bunda la nailoni ya kawaida halifikii bei ya fremu moja mpya ya dukani. Mashine ndogo ya mezani, ile ya kuvuta kwa uzani wa jiwe isiyotaka umeme, inafaa sana mji ambao SNEL, shirika la umeme, hukata moto bila kuaga. Na mipira ya watoto, myepesi na ya rangi, ambayo shirikisho la kimataifa limeitaka kwenye mashindano ya walio chini ya miaka 10 tangu 2012, iagizwe pamoja na shehena hiyohiyo.

Kamati za vilabu zitasema hakuna pesa, huku ukutani kwenye ofisi zimetundikwa raketi tatu za msaada ambazo hakuna mtoto anayeruhusiwa kuzigusa. Pesa si kikwazo kikubwa. Ugumu utaanza siku mashine itakapofika, kwa sababu itabidi kuamua inakaa kwa nani, anayesuka analipwa kiasi gani, na kama mtoto wa mwokota mipira atasukiwa kwa bei ileile ya mtoto wa mkurugenzi.